Bibi Amekukosoa, Hajakukataa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Pangani na bibi mzaa baba. Ndiye aliyenilea, na ndiye aliyenifunza kusuka ukili tangu sijavunja ungo. Siku hizi ukindu umekuwa wa shida na bei imepanda, kwa hiyo nikaanza kusukia mikanda ya plastiki inayofungia maboksi, ninayoipata nyuma ya maduka ya jumla, pamoja na chane ninazokata kwenye salfeti. Nakshi ni zile zile za bibi. Natengeneza sahani za ukutani, vipepeo vya kupamba sebule na kawa. Vifuniko vya chupa nayeyusha jikoni kwenye sufuria, napata vishada vya kuning'iniza pembeni.

Picha zilimfikia mwenye hoteli mmoja, akaagiza kawa 40. Anataka kila moja iwe na kikaratasi kilichoandikwa "Kazi halisi ya jadi ya Waswahili", na jina langu chini yake kama mbunifu. Nikamkimbilia bibi kumwonyesha. Akaishika kawa, akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye pindo, akasema: "Hii itaumwagia wali jasho. Na huu mkono ni wangu, nani kakuambia uuze?" Tangu siku hiyo hatuzungumzi ila salamu. Baba mdogo anasema nachezea mila za watu. Mtaani nimeshapewa jina, Mama Jalala. Na kila nikifanya kazi hii kichwa kinaniuma, sijui ni mawazo. Shangazi, niache?

Msusi mwenye mashaka, Pangani

Marahaba mwanangu.

Naanza na kichwa, maana mengine yote yanaweza kungoja. Kinachokuumiza huenda ni moshi. Kuanzia leo usiyeyushe plastiki jikoni, na sufuria uliyotumia isipikiwe tena chakula, hata uisugue kwa jivu na mchanga hadi ing'ae. Sababu zake nakueleza kwa urefu kidogo, kwa kuwa wengi wanaoingia katika kazi hii wanaichukulia plastiki yote kuwa kitu kimoja.

Geuza chombo chochote cha plastiki utazame chini. Mara nyingi utakuta pembetatu ya mishale, na ndani yake namba kati ya 1 na 7. Namba 1 ni chupa za maji na soda. Namba 2 ni madumu na chupa nyingi za sabuni. Namba 5 ni salfeti zako, ndoo nyingi, na vifuniko vingi vya chupa, ingawa vifuniko vingine ni namba 2. Kila moja ina joto lake. Namba 2 huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi, namba 5 kwenye 160 na kitu, namba 1 inataka kufika 250 na zaidi. Juu ya jiko la mkaa huna njia ya kujua umefika wapi. Unatia vifuniko mchanganyiko, vya aina moja vinalainika, vya pili bado vigumu, unapepea moto, na vile vya kwanza vinaanza kuungua. Hapo ndipo moshi unapozaliwa. Na ikitokea umetia namba 3, yaani plastiki ya mabomba ya maji na maganda ya nyaya za umeme, ikiungua inatoa gesi yenye asidi inayochoma koo na mapafu, na sumu nyingine ambazo mwili hukaa nazo miaka. Kumbuka pia kwamba jiko hilo unalitumia pamoja na bibi, na mapafu yake ni ya mtu mzima.

Vishada vyako havihitaji moto. Kifuniko kikatwe kwa mkasi wa bati, kitobolewe kwa keekee ya mkono, kisha kilainishwe kingo kwa msasa ukiwa umejifunga kitambaa puani, nje ya nyumba, juu ya gazeti, na vumbi lake likusanywe lisipeperuke kwenda mtoni. Siku ukipata watu wenye mashine ya kuyeyushia inayoonyesha joto, iliyo mahali penye hewa, nenda ukajifunze kwao. Hadi siku hiyo, katakata.

Sasa bibi.

Kila nikifika pale katika barua yako alipopitisha kidole kwenye pindo, nasita. Mtu anayeidharau kazi haigeuzi ndani nje. Baba yako mdogo hakuigeuza, na nadhani hata hakuitazama sawasawa. Bibi aliishika, akatafuta ncha za chane zimefichwa wapi, akafikiria wali. Hayo ni macho ya fundi juu ya kazi ya fundi mwenzake. Akasema mambo mawili yasiyofanana hata kidogo, nawe kwa uchungu ukayasikia kama tusi moja. La kwanza ni la ufundi na la pili ni la haki. Ukiyachanganya hutamjibu hata moja.

Tuanze na jasho la wali, maana hapo bibi kasema kweli tupu.

Kawa haikubuniwa iwe pambo, hata kama tunaisuka kwa rangi na nakshi za kutamanisha. Kazi yake ni kulinda chakula kilichopakuliwa: nzi wasitue, joto lisikimbie, na wali usilowane. Hiyo ya tatu ndiyo ngumu, na ukili unaiweza kwa sababu ni jani. Mvuke ukipanda, jani linaunywa kidogo, na unaobaki unapenya kati ya suko na suko ukatoka zake. Ndiyo maana kawa ikishatumika huanikwa. Mkanda wa plastiki haunywi kitu. Mvuke ukiugusa unageuka matone, mengine yanateremka ubavuni hadi kwenye sinia, mengine yanadondoka katikati ya pilau. Bibi alilijua hilo kabla kawa haijawahi kufunika chakula chochote.

Yako mengine ambayo hakuyasema. Mkanda uliofunga boksi hujui boksi lilibeba nini wala limelala ghala gani. Salfeti ya mchele au sukari ni jambo moja, ila salfeti ya mbolea au ya dawa ya shambani usiiguse kabisa kwa kazi hii, hata kwa pambo. Na hata iliyo safi, plastiki ya kuokota isikutane na chakula cha moto. Hiyo ni kanuni, na mwenye hoteli akikwambia ataweka kawa zako juu ya masinia ya wageni, mwambie hapana.

Je, umbo la kawa ndiyo basi? Hapa nikupeleke kwa watu waliopita njia yako kabla yako.

Kwa Wazulu wa Afrika Kusini, chungu cha pombe hufunikwa kwa kifuniko kidogo cha kufumwa kiitwacho imbenge, cha nyasi na majani ya mti wanaouita ilala. Ilala ni jamaa wa karibu wa mkoma, huu huu unaoota pwani yetu na unaotupa miyaa. Basi wanaume walipokwenda mijini kufanya kazi, wengine wakawa walinzi wa usiku, na usiku ni mrefu. Wakaokota mabaki ya nyaya za simu, zile nyembamba zenye ganda la plastiki la kila rangi, wakawa wanazungushia fimbo zao kwa nakshi. Kutoka kwenye fimbo mikono ikarudi kwenye kile ilichokijua tangu nyumbani, wakafuma imbenge za waya.

Tazama kilichotokea kwa umbo, maana ndicho ninachotaka ukione. Kifuniko kiliachana na chungu. Kikageuzwa juu chini kikawa bakuli, kikalazwa kikawa sahani, kikapanda ukutani, kikapanuka kuliko chungu chenyewe. Ufumaji ukabaki ule ule, unaanzia kitovu na kuzunguka kwenda nje, na nakshi zikazidi kushamiri kwa sababu waya una rangi ambazo jani halijawahi kuziota. Hakuna aliyeulazimisha waya ufanye kazi ya jani. Leo vyombo hivyo viko katika makumbusho makubwa, na mwaka 2024 Museum of International Folk Art ya Santa Fe, Marekani, ilivifanyia maonyesho yake yenyewe.

Kwa hiyo ilaze kawa yako. Anza kwenye ncha ile ile aliyokufunza bibi, kwa hesabu ile ile ya chane, lakini badala ya kuiacha ipande, ifungue iwe sahani pana ya ukutani. Nakshi iliyokuwa inazunguka ubavu wa kawa sasa itafunguka kama duara zima, na pengine hata bibi hajawahi kuiona yote kwa mara moja. Ukitaka ibaki na mchongoko wake, ining'inize iwe kivuli cha taa, kwa balbu ya LED tu. Balbu za zamani zina joto, zitailegeza.

Kuna kisa kingine katika habari ya Wazulu ambacho wauzaji hawapendi kukitaja. Kazi iliposhamiri, mabaki ya nyaya hayakutosha, na wafumaji wengi wakahamia kwenye waya mpya kutoka kiwandani. Sioni dhambi hapo, fundi lazima ale. Lakini siku na wewe utakapoanza kununua roli mpya la mkanda kwa sababu maduka ya jumla hayakupi mabaki ya kutosha, siku hiyo hiyo ufute maneno "plastiki iliyokwishatumika" kwenye vikaratasi vyako.

Nirudi kwenye kidole cha bibi. Alikuwa anatafuta nini kwenye pindo? Nakwambia: ncha. Ukindu unasukwa ukiwa na unyevu, ukikauka unashika umbo, na ncha iliyochomekwa chini ya suko mbili inakaa hapo maisha. Plastiki haikauki wala haishiki umbo hivyo. Inakumbuka ilivyokuwa imenyooka kwenye boksi na usiku kucha inajitahidi kurudi huko. Ndiyo maana kazi nyingi za mikanda ninazokutana nazo sokoni zinapendeza siku ya kununua, na baada ya miezi mitatu pindo limefunguka na ncha zinachoma mikono. Ukifanya hivi utaona tofauti. Kila mkunjo ukunje kwanza kwa ukucha au kwa mgongo wa kisu kabla ya kuusuka, ushike alama. Mikanda iloweke kwenye maji ya moto, iwe laini wakati wa kusuka. Ncha irudishe chini ya suko nne au tano badala ya mbili, na uikate kwa mshazari. Unapounga ukili kwa ukili usitumie uzi wa pamba, tumia mshipi wa kuvulia na shazia nyembamba, na mshono uufiche upande wa nyuma kama unavyoufanya kwenye mkeka.

Tena mikanda yenyewe iko aina mbili, nawe hukuniambia unatumia ipi. Ule laini, mwepesi, usiong'aa sana, unaofunga maboksi ya sabuni na biskuti, ni namba 5 na ndio wako. Ule wa kijani, mgumu, unaong'aa, unaofunga mizigo mizito kama vigae, ni wa namba 1. Una makali pembeni, utakukata vidole na hautakubali kupinda. Waachie wanaofunga kuni.

Rangi pia. Ulivyozoea, ukindu unauchemsha na rangi unayoitaka, na wazee walipata weusi kutoka mizizi ya mdaa. Plastiki inakuja na rangi yake kutoka kiwandani na haipokei nyingine. Usiipake. Rangi ya mafuta juu ya namba 5 inabanduka magamba magamba. Panga nakshi kwa rangi zilizopo: njano, nyeupe, buluu, nyeusi ukibahatika. Mtu atakushauri ukate mifuko ya rambo ya zamani kupata wekundu. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na iliyosalia kwenye makabati imeshaanza kusagika, itakufia mikononi. Vifuniko vya chupa vinatosha kukupa wekundu, ukivikata.

Na jua. Salfeti iliyoachwa juani msimu mzima inageuka unga, umeshaiona mwenyewe kwenye mapaa ya vibanda. Kazi yako ikitundikwa barazani upande wa jua, itafanya hivyo hivyo, na unga wake utaishia baharini, bahari ile ile uliyodhani umeiokoa. Iwe ya ndani.

Neno la pili la bibi ni zito zaidi: huu mkono ni wangu, nani kakuambia uuze?

Hapa sitakuficha, mwanangu. Nakshi nyingi za ukili ni za wanawake wa pwani wote, hakuna mmoja anayeweza kusema kaizua peke yake. Lakini ndani ya nakshi hizo kila msusi ana mkono wake: anavyobana, anavyoanza kona, rangi anayoitanguliza, kosa dogo analoliacha kwa makusudi. Wasusi wanatambuana hivyo. Ukiweka mkeka barazani Pangani, kuna wanawake watakaokwambia umesukwa na nani bila kuuliza. Mkono wa bibi ndio uliokuwa kwenye kawa ile, ukiwa umehamia kwenye mkanda wa plastiki, na chini yake kumeandikwa jina lako peke yako na neno "mbunifu". Yeye kakaa chini na wewe miaka, kafumua kazi yako na kukurudishia uanze upya, halafu kwenye kikaratasi hayupo. Mimi ningenuna zaidi ya hivyo.

Jirani zetu wa Kenya walitunga sheria mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na kazi za utamaduni, na moyo wake ni kwamba wenye maarifa waulizwe na waridhie kabla mtu hajayatumia kibiashara. Bibi yako hakuisoma sheria hiyo. Kauliza swali lile lile kwa maneno matatu.

Usiende kwake na maelezo. Nenda na mkanda. Kaa alipokaa, muda ule anaosukia, mpe shikamoo, umwambie: "Bibi, ncha zinanikatalia, nifanyeje?" Usianze na hoteli, usianze na pesa, wala usimwombe msamaha kwa hotuba. Mwache afumue. Akikwambia kitu hakifai, fumua mbele yake. Baada ya hapo, siku ile au siku nyingine, ndipo umwulize: nakshi hii inaitwaje, ulifunzwa na nani, na ningependa jina lako liandikwe, unakubali? Anaweza kukataa jina lisiandikwe. Wazee wengine hawataki majina yao yazagae kwenye kuta za watu wasiowajua. Akikataa, andika "nakshi ya wasusi wa Pangani" na uache hapo. Anaweza pia kukwambia nakshi fulani haiuzwi kabisa, kwa sababu ni ya mkeka wa harusi ya nyumbani kwenu au wa jambo jingine analolijua yeye. Hiyo itoe kwenye orodha, hata kama ndiyo iliyompendeza mwenye hoteli. Na fungu la pesa lake liwe lake, ulitaje kwa kiasi, usimletee kanga siku ya sikukuu ukasema ndiyo hisa.

Kuhusu kikaratasi cha mteja wako. "Kazi halisi ya jadi ya Waswahili" ni maneno ya kuuzia, na kwenye mkanda wa plastiki ni uongo mdogo ambao hauna haja. Najua kwa nini anayataka. Mgeni anaposikia jadi anafungua pochi. Ila jadi yetu yenyewe haijawahi kuogopa vitu vya kuja. Pale Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, liko kaburi la mnara lililopachikwa sahani za kauri kutoka China, na Mambrui, kwa jirani zetu wa Kenya, nako vile vile. Wazee waliokuwa na matumbawe na chokaa yao waliona sahani ya mgeni inapendeza, wakaitia ukutani mwa kaburi la mtu wao mheshimiwa, na hakuna aliyejidai kwamba sahani ile ilifinyangwa kijijini.

Lamu wamefanya hivyo juzi tu. Mwaka 2018 fundi Ali Skanda na wenzake walimaliza jahazi la mita tisa hivi lililojengwa kwa takriban tani 10 za taka za plastiki. Plastiki iliyeyushwa ikamiminwa kuwa mkuku, mataruma na mbao, kisha mafundi wakaichonga kwa tezo na shoka kama wanavyochonga mti, kwa kipimo cha macho walichorithi. Nje wakalivika kandambili zipatazo 30,000 zilizookotwa fukweni. Mwanzoni mwa 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Unguja. Waliliita Flipflopi, kandambili ziko kwenye jina, hawakulipaka rangi ya mbao wala kuliita jahazi la jadi halisi. Watu walilipenda kwa vile lilivyo.

Nawe andika kitu kilivyo. Mfano: "Sahani ya ukutani. Imesukwa kwa mkono Pangani, kwa mikanda ya plastiki iliyokwishatumika, kwa namna ya kusuka ukili aliyofunza fulani. Msusi fulani. Ni pambo la ndani, si chombo cha chakula." Jina la bibi litangulie. Neno "mbunifu" liondoe kwa sasa. Utalipata siku utakayosuka nakshi ambayo bibi ataitazama akasema hii siijui.

Jina la Mama Jalala sina mengi nalo. Edward Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa anachora Dar es Salaam juu ya vipande vya mbao za dari kwa rangi za kupakia baiskeli, na leo jina lake ndilo jina la uchoraji mzima wa nchi yetu mbele ya wageni. Walimwitaje mtaani sijui na sidhani kama kuna anayekumbuka. Baba mdogo naye, akija kuzungumzia mila, mkaribishe akae kwenye mkeka. Kama nyumba yenu ni kama nyumba nyingi za pwani siku hizi, mkeka huo ni wa plastiki, umetoka kiwandani, na hakuna mkono wa mtu yeyote wa Pangani ndani yake. Usimwambie. Mwache akae.

Imebaki oda. Usiikatae, ibadilishe. Mpelekee mwenye hoteli sahani moja ya ukutani iliyomalizika sawasawa, yenye pindo alilolipitisha bibi, pamoja na kivuli kimoja cha taa, umweleze kwamba kawa za plastiki hazifuniki chakula na sababu yake ni jasho. Mwenye jiko ataelewa mara moja. Kama anataka kweli kawa za mezani, mwambie utamsukia za ukindu, chache, kwa bei ya ukindu wa siku hizi na kwa muda unaohitajika, na bei hiyo usiione haya. Usikubali sahani 40 kwa mkupuo. Kubali 10 za kwanza, na nusu ya malipo iwe mkononi kabla hujakata mkanda wa kwanza, na muandikishiane ni nani analipia usafiri na itakuwaje kazi ikirudishwa. Katika kupanga bei hesabu siku zako na siku za bibi. Mkanda umeokota bure, lakini kuuosha, kuupanga kwa rangi na kuuchana si bure, na mteja anayeng'ang'ania kwamba malighafi ni takataka kwa hiyo kazi iwe ya bei ya takataka, mwachie.

Shangazi